Ndiyo, Hapana, na Dirisha Alilofunga Violet

Mwezi uliopita mlinikatia keki ya kuniaga iliyoandikwa jina langu vibaya, mkaniomba niwaachie maandishi kidogo kuhusu kazi. Kuhusu vyeo sina la kusema. Nilipata viwili, na kimoja kilikuwa cha kukaimu. Mshahara nao ulikuwa mfupi kuliko mwezi. Nitaandika kuhusu madirisha.

Simaanishi ya vioo. Namaanisha yale madogo yanayochomoka katikati ya kompyuta yakikuuliza jambo, na chini yake vifungo viwili, Ndiyo na Hapana. Ninyi mmeyakuta kama mlivyokuta umeme. Mimi niliyatengeneza kwa mkono, moja moja, na moja lao lilimpeleka mama wa watu asiyehusika mpaka Soko Mjinga, njia ya Nakuru, akiwa ndani ya jeneza.

Nilikuja hapa nikiwa mpiga chapa. Hospitali yetu ya misheni, kama mnavyojua, imekaa katikati: huku Kangemi ya watu wa kawaida, kule Loresho ya matajiri. Asubuhi nilitoka chumbani kwangu nyuma ya soko la Kangemi, nikatembea kwa miguu, na langoni nikakutana na wagonjwa waliokuja na madereva na wagonjwa waliokuja kwa mkokoteni. Foleni walipanga tofauti kidogo, tusidanganyane. Lakini mochari ilikuwa moja, na friji haikumuuliza mtu anatoka upande gani wa barabara.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili wafadhili walituletea kompyuta sita zilizokwisha kutumika kwingine. Zilikuwa tupu kabisa, hazina programu hata moja. Sista Agneta, msimamizi wa hospitali, alikataa katakata programu za kunakili kwa wizi.

"Hatuwezi kuvunja amri ya saba ndani ya masjala," alisema.

Basi nikatumwa mjini, Luthuli Avenue, nikarudi na sidii za Linux, ambayo ni ya bure na halali mbele ya Mungu. Hakuna aliyejua kuitumia. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeibeba kutoka mjini, ikahesabiwa kuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtaalamu wa kompyuta, na nimekutana na wengi waliopata utaalamu wao kwa njia hiyo hiyo, ila wao hawasemi.

Nilijisomea miezi mingi. Mwishowe nikaandika amri ndogo ndogo za masjala: kutafuta faili ya mgonjwa, kusajili aliyelazwa, na kutoa karatasi ya kuruhusu mwili kuchukuliwa mochari. Zote zilifanya kazi. Shida ni kwamba zilifanya kazi katika kioo cheusi chenye maandishi meupe, na makarani walikiogopa kioo hicho kuliko mochari yenyewe.

"Mama Shiro, kompyuta imekufa," Violet aliniita siku ya kwanza. Violet alikuwa karani wetu, msichana mwepesi wa kazi, jirani yangu wa Kangemi.

"Haijakufa. Inangoja uandike."

"Inangoja na haisemi inangoja nini?"

Alikuwa anasema kweli.

Ndipo nikagundua programu iitwayo Xdialog. Unaandika mstari mmoja tu katika kile kioo cheusi, jina la programu, kisha swali lako, unabonyeza Enter, na dirisha la kijivu linachomoka likiwa na swali hilo na vifungo vyake, kama vile umelipia. Lilipotokea la kwanza niliinuka kitini nikaenda kumwita Bwana Athmani.

Bwana Athmani alikuwa mkuu wa masjala, mtu wa Mombasa aliyekaa Nairobi miaka ishirini bila kuisamehe kwa Kiswahili chake. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kompyuta hakuijua na hakutaka kuijua, lakini alisoma dirisha langu kama mwalimu anavyosahihisha insha. Niliandika: Unataka kutoka?

"Kutoka wapi, bibi?" akauliza. "Ofisini? Kazini? Duniani? Hapa ni hospitali, usiwatishe watu."

Nikabadilisha, nikaandika: Una uhakika?

"Uhakika wa nini? Mimi hata kuamka kesho sina uhakika nako. Mtu mzima haulizwi hivyo. Muulize kitu anachokijua."

Nilidhani ananichezea mpaka siku Violet alipopoteza kazi ya asubuhi nzima. Nilikuwa nimeweka dirisha la kuuliza, mtu anapofunga faili: Hutaki kuhifadhi? Nilifikiri kwa haraka tu, kwamba Ndiyo maana yake hifadhi na Hapana maana yake usihifadhi. Violet akaingiza wagonjwa zaidi ya thelathini, akafunga, akaulizwa, akabonyeza Hapana, na wagonjwa wote wakayeyuka.

"Imeniuliza kama sitaki," alisema, macho yamemtoka. "Nikasema hapana, si kwamba sitaki. Nataka! Sasa imefuta?"

Bwana Athmani alicheka mpaka akavua miwani. "Msichana kajibu Kiswahili. Kompyuta yako ndiyo haikijui." Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti akakaa na Violet, wakaingiza wale wagonjwa upya, yeye akisoma, Violet akiandika, mpaka saa kumi. Mimi nilikaa pembeni nikiandika upya maswali yangu yote. Kuanzia siku hiyo sijawahi kuuliza swali la kukana katika dirisha. Nanyi msiulize. Mswahili akiambiwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala," na hakuna kifungo duniani kinachoweza kubeba hilo.

Sasa niwaeleze jambo moja la kiufundi, na nitalieleza mara moja tu. Dirisha likishajibiwa halirudishi neno. Linarudisha namba. Ukibonyeza Ndiyo, namba ni sifuri. Ukibonyeza Hapana, namba ni moja. Anayeandika amri anaitazama namba hiyo halafu anaamua kinachofuata. Katika dirisha la mochari, lililouliza kama mwili utolewe, niliandika hivi: ikiwa namba ni moja, simama, vinginevyo, endelea, chapisha karatasi kule chini mochari. Niliona nimeandika kwa ufupi na kwa ustadi. Nilijisifu hata kwa mume wangu, ambaye aliniuliza kama kuna sukari.

Ijumaa moja asubuhi, kama miezi minane baadaye, kulikuwa na akina mama wawili katika friji yetu, mmoja Esther Nafula Wekesa, mwingine Esther Nafula Wanyama. Hawakuwa ndugu. Esther ni jina la watu wengi, na Nafula ni jina la kila mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha kule kwao. Familia ya Wekesa ilifika mapema na jeneza na basi, safari ya Bungoma. Waombolezaji walibaki ndani ya basi kwa haraka ya safari, wakasema watamtazama marehemu wakifika nyumbani. Aliyeingia kumchukua alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake. Na mkwe, kwa mila zao, hamtazami mama mkwe akiwa amelala, sembuse akiwa amelala namna hiyo. Alimkabidhi Mzee Odhiambo, mhudumu wa mochari, nguo za marehemu, akasimama nje akigeukia ukuta. Odhiambo akamvalisha, akafunga jeneza, basi likaondoka.

Saa nne wakaja wa Wanyama. Binti yake, mwanamke wa makamo mwenye duka la nguo Kangemi, alishuka chini kumtazama mamake. Nilisikia sauti yake kutoka ghorofa ya juu.

"Huyu si mama!"

"Mtu hubadilika kidogo akikaa kwa friji, mama," Odhiambo alimwambia polepole. Huwa wanasema hivyo, na mara nyingi ni kweli.

"Mama alikuwa mrefu kunishinda. Friji imemfupisha?"

Odhiambo, aliyemtolea Esther Nafula pekee aliyebaki, akatazama karatasi mpya aliyokuwa nayo. Imeandikwa Wanyama. Akatazama bango dogo la mguuni. Limeandikwa Wekesa. Akakaa chini sakafuni, mzee mzima.

Sista Agneta hakupiga kelele. Alimwita dereva wa ambulensi, kisha akanigeukia. "Mashine ni yako. Nenda na Odhiambo." Tulimpigia mkwe simu tangu Uthiru mpaka Limuru, hakushika. Odhiambo alikaa mbele akiomba kwa Kijaluo, nami nyuma nikihesabu: basi limetutangulia saa moja na nusu, likishafika Naivasha hatulipati tena kabla ya Nakuru. Nilimwonyesha dereva kwamba kwenye ambulensi kuna king'ora. Akaniambia king'ora ni cha walio hai.

Kabeji ndizo zilizotuokoa. Tulipofika Soko Mjinga tuliona basi lenye vitambaa vyekundu vya msiba limeegeshwa kando, na waombolezaji wametapakaa sokoni wakinunua kabeji na viazi vya kupikia matanga. Nilimpata yule mkwe akibishania gunia la viazi.

"Bwana, samahani," nikamwambia. "Tunaomba jeneza lifunguliwe. Tunafikiri kumetokea kosa."

"Kosa gani?"

"Pengine aliye ndani si mama mkwe wako."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mikono. "Mimi siwezi kumwangalia. Huyo ni mama mkwe."

"Na kama si yeye?"

"Nitajuaje kama si yeye bila kumwangalia?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuyaweka katika dirisha. Mdogo wa marehemu ndiye aliyelitatua. Alikuwa mama mnene aliyejifunga leso, kabeji mbili kwapani, na alikuwa ametusikia. Akaniwekea kabeji zote mikononi, akapanda basi, akamwamuru Odhiambo afungue. Odhiambo akainua kifuniko. Alitazama kwa muda mrefu.

"Na amevaa gauni ya dada yangu," alisema hatimaye.

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kuyapokea. Lakini yule mama alishuka, akawaita watu wote watoke sokoni, wakakusanyika kando ya basi. "Huyu mama ametembea na sisi mpaka hapa," akawaambia. "Hatuwezi kumrudisha bila neno, kama mzigo uliokosea." Wakamwombea. Waliimba pia ubeti mmoja, na wauza viazi wakavua kofia. Mimi nilisimama pale na kabeji mbili, nikilia, na sikuwa na mkono wa kujipangusa.

Tulirudi pamoja, basi nyuma ya ambulensi. Kabla ya saa nane kila familia ilikuwa na mtu wake. Wa Wekesa waliondoka tena, na safari hii mdogo wa marehemu alimtazama dadake mwenyewe kabla ya jeneza kufungwa. Binti wa Wanyama nilimweleza yote, maana alikuwa na haki. Aliposikia habari ya maombi aliuliza tu, "Waliimba wimbo gani?" Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa.

Mnasubiri kujua kosa lilikuwa la nani. Sisi pia tulitaka kujua, na Jumatatu tuliketi ofisini kwa Sista: yeye, Bwana Athmani, Violet na mimi. Odhiambo alikuwa ameshahojiwa. Alisema asubuhi ile mashine yake ilitoa karatasi mbili, ya kwanza ya Wanyama, ya pili ya Wekesa. Alichukua ya kwanza. Ya pili alidhani ni nakala tu, kwa sababu printa ile ilikuwa na kigugumizi, akaweka kikombe cha chai juu yake bila kuisoma.

"Violet," Sista alisema, "kwa nini uliruhusu mwili wa Wanyama?"

"Sikuruhusu, Sista. Ile orodha ya kompyuta inakata majina, zote zilionekana Esther Nafula W. Nikabonyeza moja. Dirisha ikakuja na jina yote, nikaona ni Wanyama. Nikafunga. Nikaanza tena na Wekesa."

"Ulibonyeza Hapana?"

"Nilifunga dirisha. Hapa juu, kwa hiyo alama ya X."

"Lakini karatasi ilitoka."

"Mimi nilifunga," Violet alirudia.

Sista akanitazama mimi. Ninayoandika sasa ndiyo yaliyonifanya nikubali kuandika. Nilisema, kwa sauti ya mtaalamu, "Kompyuta haiwezi kutoa karatasi bila kuambiwa Ndiyo."

 Violet alinitazama mara moja tu, kisha akaangalia viatu vyake. Sista akamwambia aende nyumbani, barua yake ingekuwa tayari Alhamisi. Wote tulijua barua ya namna gani.

Saa ya chakula Bwana Athmani alikuja mezani kwangu. Hakukaa.

"Huyu msichana nimekaa naye miaka mitatu," alisema. "Akichelewa hunipa visingizio vibovu mpaka mimi ndiye ninayemsaidia kuvitengeneza. Hajui kusema uongo. Umejaribu alichokisema?"

"Kufunga dirisha? Ukifunga umekataa, Bwana Athmani. Hilo linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

Alipoondoka nikafungua kile kioo cheusi. Nikaliita dirisha la mochari peke yake, bila printa. Likachomoka. Nikalifunga kwa alama ya X, kama Violet. Halafu nikaiomba kompyuta inionyeshe namba iliyorudi. Nilitarajia moja.

Ilikuwa mia mbili hamsini na tano.

Si sifuri, si moja. Hiyo ndiyo namba ambayo Xdialog hurudisha mtu anapofunga dirisha bila kujibu, na imeandikwa wazi katika maelezo yake, ukurasa ambao nilikuwa nimeuruka. Na amri yangu fupi, yenye ustadi, ilisema: ikiwa ni moja, simama; vinginevyo, endelea. Violet alikuwa amekataa, kompyuta ikaendelea. Kwa miezi minane ilikuwa tayari kufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Nilirekebisha mstari ule papo hapo, kazi ya nusu dakika: ikiwa ni sifuri, endelea, vinginevyo, simama. Kisha nikakaa nikiutazama. Hakuna mtu mwingine katika hospitali nzima aliyeweza kusoma amri zile. Ningefunga kompyuta, ningeenda kula ugali, na Alhamisi ingefika. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Yeye hakuwa na mtoto bado. Nawaambia nilichokifikiria kwa sababu nanyi mtakifikiria siku yenu itakapofika. Nilikaa hivyo mpaka chai ya saa kumi ikapita bila mimi, ndipo nikaenda kwa Sista.

Nilimweleza yote na namba zake. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya meza.

"Kwa hiyo mtu akitoka chumbani bila kukujibu," alisema, "wewe unahesabu amekubali?"

"Ni kompyuta, Sista."

"Nani aliiambia?"

"Mimi."

Barua ya Alhamisi nikaandikiwa mimi: onyo, nakala katika faili. Bado imo, nendeni mkaisome, Kiingereza chake ni kizuri. Lakini jioni ya Jumatatu ile ile nilimtafuta Violet nyumbani kwao. Alikuwa uani akifua, mamake amekaa mlangoni akichambua mboga. Niliomba msamaha mbele ya mamake, kwa kuwa nilimshtaki mbele ya watu.

"Ulisema kompyuta haiwezi," Violet alisema bila kuacha kufua. "Sasa mimi ndiyo naweza?"

"Nilikosea."

"Kesho nitakuja," akajibu. Hakunikaribisha ndani, na mamake pia hakunikaribisha.

Alirudi na masharti. Sharti la kwanza: neno Ndiyo litoke kabisa katika dirisha la mochari. Kifungo kiseme kitakachotendeka. Tuliketi watatu na Bwana Athmani tukatafuta maneno. Kimoja kikawa Toa mwili. Cha pili nilitaka kiwe Ghairi.

"Hakuna mtu wa Kangemi anasema ghairi," Violet alisema. "Weka Bado."

Bwana Athmani akalionja lile neno kimya kimya. "Bado," akasema. "Hata mimi siwezi kulisahihisha."

Sharti la pili: kabla ya kitu chochote kuchapishwa, karani aandike kwa mkono wake jina la tatu la marehemu na namba ya friji, yasipolingana dirisha lijifunge. Sharti la tatu: orodha ipanuliwe majina yaonekane yote. Hayo matatu yalinichukua siku mbili. Miaka iliyofuata nilihamia zenity, programu nyingine ya madirisha, ambayo ilikuwa na sura nzuri zaidi, na kila dirisha jipya nililianza kwa kulifunga bila kujibu na kutazama namba iliyorudi. Fanyeni hivyo hata kwa hizo sistimu zenu za siku hizi. Hasa kwa hizo.

Lakini siku dirisha jipya lilipokuwa tayari, Violet hakukubali neno langu. Alimtuma Mzee Odhiambo akae kando ya printa kule mochari, apige kelele ikitoka karatasi hata moja. Kisha akaketi, akaita dirisha, akalifunga kwa X. Akaita tena, akafunga. Nilisimama nyuma yake nikisubiri achoke. Alifunga taratibu, akafunga kwa haraka, akafunga huku simu inalia, akafunga akizungumza na mgonjwa, kila namna ambayo mtu anaweza kuondoka bila kujibu. Saa nzima ya chakula ikaisha hivyo.

Mwishowe Odhiambo akapanda ngazi akihema, kofia mkononi.

"Mmenikalisha huko chini saa nzima na njaa," akalalamika, "na hakuna kitu imetoka!"

Violet akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile nilimwona akicheka.

"Sasa hiyo ndiyo kazi, mzee," akamwambia. "Isitoke."